Kipakatalishi au kompyuta ndogo ya mezani? Usidanganywe na bei

MNUNUZI aliyetaka kompyuta mpya ya kampuni ya Apple mwaka wa 2025 alikabiliwa na swali gumu kuliko lilivyoonekana. Katika orodha ya bei ya kampuni hiyo nchini Marekani palikuwa na mashine mbili zilizotumia prosesa ya aina moja, M4. Moja iliuzwa dola 599, nyingine dola 999.

Ya kwanza ni Mac mini, kompyuta ndogo ya mezani iliyoanza kuuzwa Novemba 2024. Ya pili ni MacBook Air ya inchi 13, kipakatalishi kilichoingia sokoni Machi 2025. Kwa bei hizo za chini, kila moja ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 16 na nafasi ya kuhifadhi kazi ya gigabaiti 256. Anayeandika barua, kutunza hesabu za duka au kusoma mtandaoni hataona tofauti yoyote ya kasi.

Je, dola 400 za ziada zinalipia nini basi?

Jibu limo katika vile vitu ambavyo Mac mini haina. Mashine hiyo ni kisanduku chenye upana wa sentimita 12.7 kila upande na kimo cha sentimita 5, na uzani wake haufiki gramu 700. Mnunuzi hupewa kisanduku hicho na waya wa umeme. Hapewi skrini, kibodi wala kipanya, na mashine yenyewe haina kamera wala betri. Mpango huu si mgeni, kwani ndivyo Mac mini ya kwanza ilivyouzwa tangu Steve Jobs alipoizindua Januari 2005 kwa dola 499.

Kwa hivyo, aliye na skrini na kibodi nzuri kutoka kwa kompyuta yake ya zamani ndiye anayenufaika na bei hiyo. Anayeanza mikono mitupu sharti avijumlishe vitu hivyo vyote kwanza. Akimaliza hesabu, huenda akapata kwamba pengo la dola 400 limepungua sana, hasa iwapo anataka skrini inayokaribia ubora wa ile ya kipakatalishi.

Suala la pili, ambalo kwa Mkenya lina uzito mkubwa, ni umeme. Wengi wangali wanakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipotumbukia gizani. Stima inapopotea, MacBook Air huendelea na kazi kama kwamba hakuna lililotokea. Apple husema betri yake inaweza kuonyesha video kwa saa 18. Mac mini, kwa upande wake, huzimika papo hapo, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Anayeitegemea kwa riziki hana budi kununua UPS, na gharama hiyo pia iingie katika hesabu. Afueni ni kwamba mashine hiyo hutumia umeme kidogo, takriban wati 4 inapokuwa imetulia na wati 65 inapofikia kilele. UPS ya kadiri huweza kuibeba pamoja na skrini yake kwa muda wa kumtosha mtu kuhifadhi kazi na kuizima ipasavyo.

Hata hivyo, kipakatalishi nacho kina udhaifu wake. MacBook Air haina feni. Ikifanyishwa kazi nzito kwa muda mrefu, mathalan kuhariri video, hupunguza kasi yake yenyewe ili isipate joto kupita kiasi. Mac mini ina feni, hivyo hustahimili kazi ya aina hiyo. Isitoshe, betri huchakaa kadiri inavyochajiwa. Tena chai ikimwagikia kibodi ya Mac mini, hasara ni ya kibodi pekee. Ikimwagikia kipakatalishi, yumkini mashine nzima ikaharibika.

Jambo moja huzihusu zote mbili: kumbukumbu haiwezi kuongezwa baadaye, kwa kuwa imeunganishwa na prosesa. Uamuzi hufanywa siku ya kununua. Kupandisha kumbukumbu kutoka gigabaiti 16 hadi 24 kuliongeza dola 200, yaani thuluthi moja ya bei ya Mac mini.

Bei hizi, aidha, ni za Marekani kabla ya kodi. Anayeagiza kutoka huko akumbuke nauli ya mzigo na ushuru wa forodhani, ikiwemo VAT ya asilimia 16. Umeme wa Kenya hautaziunguza mashine hizo, ila plagi za Marekani haziingii katika soketi zetu.

Kabla ya kutoa pesa, basi, ni vyema mnunuzi aorodheshe vifaa alivyo navyo, kisha ajiulize kazi yake itafanyiwa wapi. Mwanafunzi anayehama kati ya bweni, maktaba na nyumbani atajuta kununua kisanduku kisichoweza kuwaka bila soketi. Naye mwenye ofisi isiyohama, skrini tayari mezani na UPS chini yake, hana sababu ya kulipia betri asiyoihitaji.