Miraba ya Kijani na Matuta ya Mlalo

Kwenye GitHub, tovuti ambako watengeneza programu wa nchi nyingi huhifadhi msimbo wao, kila mwenye akaunti ana ukurasa wa wasifu, na ndani yake kuna gridi ya miraba midogo, mraba mmoja kwa kila siku ya mwaka. Ukifanya kazi siku hiyo, mraba unakuwa kijani. Usipofanya, unabaki umepauka. Gridi hiyo iliwekwa 2013, miaka mitano baada ya tovuti kuzinduliwa, na leo kijana anayeomba kazi ya kuandika programu, awe Kinondoni au Soni, anajua kwamba huenda kuna mtu ataitazama kabla hajasoma barua yake ya maombi. Kwa hiyo anayeuliza jinsi ya kuinua takwimu za wasifu wake haulizi upuuzi. Ila nadhani wengi wanaouliza hivyo wanaanzia pabaya: wanatafuta njia ya kuongeza hesabu wakati kazi waliyokwisha kuifanya haijahesabiwa.

Sababu iko kwenye namna mtambo unavyohesabu. Kila unapohifadhi badiliko kwa programu ya Git, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, unaacha kumbukumbu ambayo watengeneza programu huiita komiti. Ndani ya komiti mna jina, anwani ya barua pepe, tarehe na maelezo mafupi. GitHub haikutambui kwa sura. Inakutambua kwa ile anwani. Aliyeweka kwenye kompyuta yake anwani moja na kufungua akaunti kwa anwani nyingine anaweza kulima mwaka mzima, na gridi isioneshe hata jani. Dawa ni kuongeza anwani ile ya kwanza kwenye mipangilio ya akaunti, na komiti za zamani zitaanza kuhesabiwa zenyewe. Halafu komiti iliyo kwenye tawi la pembeni, yaani toleo la msimbo linaloendelezwa kando, haihesabiwi mpaka ifike tawi kuu, na ile iliyobaki kwenye nakala uliyojichukulia ya mradi wa mtu mwingine haihesabiwi mpaka wenye mradi waipokee. Kazi ya siri ya mwajiri inaweza kuoneshwa kama idadi tu, bila kufichua kilichomo, ukiruhusu mwenyewe. Wala si msimbo peke yake unaoleta kijani: kuripoti hitilafu, kuomba badiliko lako liunganishwe na kukagua kazi ya mwenzio vyote vinaingia kwenye hesabu.

Jambo linalowagusa zaidi watu wa milima ya Usambara, wilayani Lushoto, ni tarehe. Mtu anaweza kudhani kwamba aliye Mtae, kule ukingoni ambako mlima unakatika ghafla kuelekea tambarare za Mkomazi, ataonekana mvivu kwa sababu mtandao humfikia siku moja moja. Sivyo. Git hufanya kazi bila intaneti kabisa. Komiti inapokea tarehe ya kompyuta yako saa ileile unapoihifadhi, na ukishuka Lushoto mjini Ijumaa kuzipandisha zote kwa pamoja, kila moja itakaa kwenye mraba wa siku yake. Anayeumia ni yule anayefanya kazi wiki nzima bila kuhifadhi, kisha anafunga kila kitu kwenye komiti moja kubwa siku ya kupata mtandao. Huyo amejinyima miraba, na kibaya zaidi, ameinyima kazi yake historia: hitilafu ikitokea hajui ilizaliwa Jumanne au Alhamisi.

Lakini mlango huohuo unaomsaidia mtu wa Mtae ndio wanaopitia wadanganyifu. Kwa kuwa tarehe inatoka kwenye kompyuta ya mwenyewe, inaweza kuandikwa yoyote, na kuna programu ndogo za kupaka mwaka mzima kijani, hata kuchora maneno kwenye gridi. Hapo ndipo historia ya Lushoto inapokuwa na la kusema. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, baadaye ukaenezwa katika Usambara. Wakulima waliamriwa kujenga matuta kwenye mashamba yao ya miteremko, na asiyejenga alikabiliwa na faini. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kilichokaguliwa kilikuwa tuta. Mkaguzi hakuweza kuona kwa macho kama chakula kingeongezeka au kama jembe la mama mwenye shamba lingetosha kwa kazi hiyo mpya juu ya zile alizokuwa nazo. Aliweza kuona tuta lipo au halipo. Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa na kipimo chao cha zamani cha utawala na kilimo kwa pamoja: kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wakulima wa Usambara, anaonesha jinsi watu walivyoupima mpango ule kwa maneno hayo na kuukataa. Ulifutwa miaka michache kabla ya Uhuru.

Atakayesema kwamba ninalinganisha amri ya mkoloni na mchezo wa vijana ana haki ya kusita. Hakuna anayemtoza faini mwenye mraba mtupu. Hata hivyo kinachofanana ni kule kukagua alama badala ya kitu chenyewe, na matokeo yake yameshaonekana. Kuanzia 2014 kampuni ya DigitalOcean iliandaa kila Oktoba tamasha la Hacktoberfest: changia mara kadhaa, upate fulana. Mwaka 2020 wenye miradi walifurikiwa na maombi ya kubadili neno moja lisilo na kosa, mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni mwezi ukiwa haujaenda mbali, ili mradi usioomba kushiriki usisumbuliwe. Nyota ambazo watumiaji huupa mradi wanaoupenda nazo zinauzwa na kununuliwa: watafiti waliochapisha kazi yao mwishoni mwa 2024 walihesabu milioni 4.5 wanazozishuku kuwa bandia.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka kwa watu waaminifu: kwamba mnyororo wa siku mfululizo hujenga nidhamu, na anayejifunza peke yake, bila mwalimu wala ofisi, anahitaji kitu cha kumwamsha. Hili tunaweza kulipima, kwa sababu Mei 2016 GitHub iliondoa ghafla namba iliyokuwa ikionesha siku mfululizo kwenye wasifu. Lukas Moldon na wenzake walipochunguza kilichofuata, waliona minyororo mirefu imepungua, kazi ya mwisho wa wiki imepungua, na zile siku za kuchangia mara moja tu nazo zimepungua. Namba ilikuwa na nguvu kweli. Ila sehemu ya nguvu hiyo ilikuwa ikiwaamsha watu Jumapili usiku waweke kitu kimoja, alimradi mraba usibaki mtupu. Nidhamu ya namna hiyo sioni faida yake.

Na mwajiri je? Kijana wa Lushoto asiye na mjomba ofisini atasema miraba ndiyo mjomba wake. Namwelewa, ukurasa mtupu unamwangusha mtu kabla hajafungua kinywa. Lakini mraba unabonyezwa. Ukiubonyeza, unaona siku ile ilikuwa na nini, na mtu aliyewahi kuandika programu atatambua haraka komiti arobaini za kuongeza nukta na kuiondoa. Isitoshe, ukolevu wa kijani hupimwa kwa siku zako mwenyewe, si kwa za wengine: siku zako zenye shughuli nyingi hukolea, nyingine hufifia. Gridi mbili zilizowekwa ubavuni hazikuambii kitu kuhusu nani fundi zaidi. Ukijaza siku chache kwa mamia ya komiti za uongo, unaweza kuzififisha siku zako za kweli.

Kazi yenyewe ipo, tena karibu. Takwimu za zahanati na hospitali za Tanzania hupita kwenye mfumo wa DHIS2, ambao msimbo wake uko wazi GitHub. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, nao uko wazi. Miradi ya namna hii ina orodha za hitilafu zinazosubiri mtu, nyingine zikiwa za ukubwa wa jioni moja. Ombi moja lililokaguliwa na wageni likakubaliwa linaongeza miraba michache tu, lakini limebeba jina lako, mabishano yako na mkaguzi, na msimbo unaofanya kazi.

Kwenye miteremko ya Lushoto leo utakuta matuta ya ngazi na makingamaji ya fanya juu katika mashamba ya kabichi, viazi na karoti zinazoteremshwa Mombo kuelekea Dar es Salaam. Hakuna karani anayeyahesabu asubuhi.