Kochi Halifuliwi kama Shuka

Ukilimwagia maji kochi la mahameli, sponji ya ndani hukaa na unyevu na kuota ukungu. Ukungu huo humsumbua mwenye pumu. Basi, fanya hivi:

Kwanza, ondoa vumbi kwa brashi laini.

Pili, jaribu povu la sabuni isiyo kali mahali pasipoonekana. Rangi ikitoka, acha.

Tatu, chovya kitambaa cheupe katika povu, kikamue, kisha gusagusa doa kuanzia pembeni kuelekea katikati. Usisugue.

Nne, pangusa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ufungue madirisha kochi likauke.

Usitumie petroli. Mvuke wake hudhuru, tena hushika moto upesi.

Kumbuka: afadhali doa libaki kuliko unyevu ubaki.