Je, Wajua? Samasoti Iliyobadilisha Sheria ya Barafu

Je, wajua kwamba barafu iko mkoani kwetu, Kivu Kaskazini? Ukitoka Kalembe, ukashika upande wa kaskazini-mashariki hadi mpaka wa Kongo na Uganda, utaikuta kwenye milima ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Wanande na ndugu zao Wakonzo huiita theluji nzururu, na ndiko lilikotoka jina Rwenzururu. Ila barafu hiyo inayeyuka: mwaka 1906 ilifunika kilomita za mraba kama 6.5, na ilipofika 2003 haikutimia hata moja.

Je, wajua kwamba si lazima upande mlima kuikanyaga? Mwaka 2005 hoteli ya Panari, jijini Nairobi, ilifungua ukumbi wa kuteleza kwenye barafu ya mashine, na watoto wa mji wa joto wakajifunza kuanguka na kuinuka.

Je, wajua kwamba kuteleza kwa madaha kwenye barafu kuliingia Olimpiki kwa mlango wa michezo ya kiangazi? Ilikuwa London, mwaka 1908. Kwa wanaume alishinda Ulrich Salchow wa Sweden, na mruko mmoja unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Je, wajua kwamba chuma cha kiatu cha mtelezaji kina unene wa milimita 4 hivi, na chini kimechimbwa mfereji, hivyo kina makali mawili, ya ndani na ya nje? Mtelezaji hukata kona kwa kuulalia upande mmoja. Kijana wa Masisi aliyewahi kuteremka na chukudu, ile baiskeli ya mbao, lililojaa viazi hahitaji kufundishwa jambo hilo: usipoinama na kona, kona itakutupa.

Je, wajua kwamba mwanamume anayeshindana peke yake hupimwa mara mbili? Kwanza ni mchezo mfupi, dakika 2 na sekunde 40. Kisha mchezo mrefu, dakika 4. Alama hujumlishwa. Katika mashindano ya dunia, 24 bora tu ndio huruhusiwa kurudi uwanjani kwa mchezo wa pili.

Je, wajua kwamba mmoja wa mabingwa wa mchezo huu ana asili ya Bahari ya Hindi? Adam Siao Him Fa alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 2001, lakini wazazi wake ni watu wa Morisi, kisiwa kisichojua theluji. Olimpiki ya Beijing, 2022, alimaliza wa 14. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa Ulaya mjini Espoo, Finland.

Je, wajua kwamba samasoti ya nyuma ilikuwa haramu kwenye barafu kwa karibu miaka 50? Mmarekani Terry Kubicka aliipiga Olimpiki ya 1976, kisha chama cha kimataifa cha mchezo huu kikaipiga marufuku kwa kuhofia usalama. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, Mfaransa Surya Bonaly aliipiga kwa makusudi na kutua kwa mguu mmoja. Alijua atakatwa alama, akaipiga hivyo hivyo.

Je, wajua kwamba Adam naye alikubali kulipa? Januari 2024, mjini Kaunas, alipiga samasoti, akakatwa alama 2, na bado akabaki bingwa wa Ulaya. Machi, kwenye mashindano ya dunia mjini Montreal, mchezo mfupi ulimwendea vibaya: wa 19. Mtu aliye hapo angezitunza alama zake kama mboni ya jicho. Yeye alipiga samasoti tena, akakatwa 2 tena, na mchezo mrefu ukampa 206.90. Ilia Malinin wa Marekani peke yake ndiye aliyemzidi katika mchezo huo. Jumla ilipotoka, 284.39, Adam alikuwa amepanda kutoka nafasi ya 19 hadi ya 3, na shaba ikawa yake.

Je, wajua kilichofuata? Juni 2024, miezi mitatu tu baada ya Montreal, chama hicho kiliiondoa samasoti katika orodha ya makosa. Leo haimkati mtu alama. Adam alikwisha kulipa 4.