Gadi Lililofichika Ndani ya Zege

Aghalabu tukisifu jengo husema lina nguvu, kana kwamba nguvu ni kitu kimoja. Kiswahili chenyewe kinajua zaidi ya hapo: kubana si kuvuta. Zege likibanwa hustahimili mno, lakini likivutwa, uwezo wake huwa takriban sehemu 1 kwa 10 ya ule wa kubanwa. Ndiyo maana hutiwa nondo, chuma kibebe mvuto nalo zege libebe mbano.

Mnamo 1899 mhandisi Wilhelm Ritter wa Zurich alieleza ushirikiano huo kwa mfano wa kenchi ya paa. Boriti ikishaanza kupasuka mshazari karibu na nguzo, zege lililobaki baina ya nyufa huwa kama magongo yaliyoinama, yanayousukuma mzigo kuelekea nguzoni. Watu wa pwani wanalo neno la magongo ya namna hiyo: magadi, yale yanayokiegemeza chombo kilichopwelewa. Nazo ringi za chuma zinazozunguka nondo huuinua mzigo kutoka mguu wa gadi moja hadi kichwa cha jingine, mpaka ufike kwenye nguzo.

Gadi hili la zege lina udhaifu wake. Likibanwa huku linavutwa mbavuni, nyufa hulipunguzia uwezo, wala haliwezi kuhesabiwa sawa na zege zima. Ringi zikiwa chache au zikitengana mno, ufa hutanuka na boriti huweza kukatika ghafla, bila ya kupinda kwanza ili kuwaonya waliomo. Wahenga walituusia kuziba ufa, ila ufa wa aina hii hauzibwi kwa plasta.

Wala haya si mambo ya mafundi wa vichochoroni pekee. Tarehe 23 Agosti 1991 msingi wa zege wa jukwaa la Sleipner A ulizama nchini Norway. Hesabu za kompyuta zilikuwa zimekadiria nguvu za mkato ukutani chini ya kiasi, na baadhi ya vyuma vya kuzihimili vilikuwa vifupi.

Je, kwetu hali ikoje? Ramani ya jengo huandikwa kwa Kiingereza, kazi ikafanywa kwa Kiswahili. Fundi huagizwa asogeze ringi karibu karibu kuelekea nguzoni, lakini sababu hubaki katika lugha ya ofisini. Asiyeelezwa sababu ataziona ringi hizo kuwa ni hasara, na mwenye jengo akitaka kupunguza gharama, atakuwa hana hoja ya kumkatalia.

Tusisingizie uhaba wa msamiati. Mbano, mvuto, mkato na gadi ni maneno yetu. Hapana budi walimu wa fizikia na wa Kiswahili wayafundishe kwa pamoja, ili mwanafunzi atakayeshika koleo kesho ajue kwamba ringi anayoambiwa aiache ndiyo inayolishikilia gadi, na kwamba juu ya gadi hilo wamelala watu.