Kifo cha Kijana wa Olduvai: Ushahidi Unaopimwa Upya

Kati ya Karatu na nyanda za Serengeti, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, limo Bonde la Olduvai, ambalo siku hizi huandikwa pia Oldupai, na humo ndimo kilimotokea, yapata miaka milioni 1.85 iliyopita, kifo ambacho wataalamu wamekichunguza na kukirudia tangu mwaka 1960 bila kuafikiana. Aliyekufa alikuwa zamadamu, jina wanaloitwa viumbe wa ukoo wa binadamu waliotembea wima kwa miguu miwili zama za kale, na alikuwa bado hajakomaa. Mabaki yake ni taya la chini lenye meno, mifupa ya pande mbili za fuvu iliyovunjikavunjika na mifupa ya mkono, na katika kumbukumbu za kisayansi yanaitwa OH 7, yaani zamadamu wa saba kuorodheshwa kutoka Olduvai. Yaligunduliwa na Jonathan Leakey, mtoto wa Louis na Mary Leakey, mahali panapoitwa FLK NN, kaskazini kidogo ya korongo ambamo Mary alikuwa amepata fuvu maarufu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walitangaza katika jarida la Nature spishi mpya waliyoiita Homo habilis, na wakaifanya OH 7 kuwa kielelezo chake cha msingi, maana yake kila mfupa mwingine unaodaiwa kuwa wa spishi hiyo sharti ulinganishwe na mifupa ya kijana huyu.

Uamuzi wa kwanza kuhusu kifo chake ulitolewa mapema mno. Mwaka 1961 Louis Leakey alieleza kwamba mfupa mmoja wa fuvu ulikuwa na nyufa zilizoanzia mahali pamoja na kutawanyika, na kwamba nyufa za namna hiyo ni dalili ya pigo la kitu kizito kichwani. Kwa maneno mengine, kijana aliuawa. Habari hiyo iliyafikia magazeti ya nchi za nje kama habari ya mauaji ya kale kuliko yote yaliyopata kujulikana, na haikuwa vigumu kuaminika, kwa sababu wakati huo Raymond Dart, mwanaanatomia wa Afrika Kusini, alikuwa amekwisha kueneza wazo kwamba mababu wa binadamu walikuwa wawindaji wakatili waliouana hata wao kwa wao. Ukiondoa wazo hilo lililokuwa hewani, ushahidi uliobaki mezani ulikuwa nyufa za mfupa mmoja tu, na nyufa za mfupa zinaweza kutokana na mambo mengi.

Mfupa ukivunjika ungali mbichi, yaani ukiwa bado na unyevu na protini yake, kingo zake huwa na umbo tofauti na zile za mfupa uliovunjika baada ya kukauka, na mfupa uliofukiwa chini ya matabaka ya udongo na majivu ya volkano hubanwa kwa uzito mkubwa hata ukapinda. Kwamba OH 7 ilibanwa hivyo si dhana. Mwaka 2015 Fred Spoor na wenzake waliipiga mifupa hiyo picha za tabaka kwa tabaka kwa kutumia kompyuta, wakaonyesha kwamba taya lilikuwa limepotoka umbo baada ya kufukiwa, kisha wakaliunda upya katika kompyuta kwa kuzirudisha sehemu zake mahali pake, na katika kazi hiyohiyo wakakadiria kwamba ubongo wa kijana ulikuwa na ujazo wa kati ya mililita 729 na 824. Taya likiwa limepindishwa na ardhi kiasi hicho, nyufa za fuvu lililolala katika tabaka lilelile haziwezi tena kusomwa kama alama ya rungu bila ushahidi mwingine wa kuziunga mkono, na ushahidi huo haukupatikana.

Elimu iliyobadilisha mwenendo wa uchunguzi huu inaitwa tafonomia, nayo huchunguza yote yanayoupata mwili tangu kiumbe anapokufa hadi mabaki yake yanapofukuliwa: nani aliula, maji yaliusukuma wapi, jua na mvua viliufanya nini, mizizi na udongo viliuacha katika hali gani. Msingi wake ni rahisi kueleweka na mfugaji wa Kansay au wa kata nyingine yoyote ya Karatu, ambaye akikuta mbuzi ameliwa usiku hatazami kwanza nyama iliyobaki, bali hutazama shingo, nyayo, mahali mzoga ulipoburutwa na mifupa iliyotafunwa, kwa kuwa anajua kwamba fisi anayekutwa juu ya mzoga alfajiri huenda alifika baada ya chui kuua na kushiba. Mwanasayansi hana nyayo wala damu, lakini ana alama za meno kwenye mfupa, na ili azisome hana budi kwanza kujifunza kwa wanyama walio hai.

Afrika Kusini ndiko njia hii ilikoleta matokeo yaliyowashtua wengi. Mwaka 1970 C. K. Brain alionyesha kwamba matundu mawili katika fuvu la mtoto wa zamadamu kutoka pango la Swartkrans, ambayo yangeweza kudhaniwa kuwa ni majeraha ya silaha, yanalingana kwa nafasi na chonge za taya la chini la chui. Mtoto wa Taung naye, ambaye Dart mwenyewe alimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 1925, alitajwa na Lee Berger na Ron Clarke mwaka 1995 kuwa windo la tai mkubwa, na mwaka 2006 alama zilizomo ndani ya matundu ya macho yake zikalinganishwa na zile za mafuvu ya nyani na kima walioliwa na tai wa msituni wa siku hizi, zikaonekana kufanana. Mababu waliodhaniwa kuwa wauaji wakawa wameingia katika orodha ya walioliwa.

Huko Olduvai mtuhumiwa wa kwanza baada ya kuachwa dhana ya pigo alikuwa mamba. Mwaka 1990 Iain Davidson na Su Solomon waliuliza waziwazi kama OH 7 alishambuliwa na mamba, jambo lisilokuwa la ajabu kwa mazingira ya wakati huo, kwani mahali panapoonekana leo kuwa pakavu na penye vumbi palikuwa kando ya ziwa la maji ya magadi lililokuwa na chemchemi za maji baridi pembeni, na wanyama wote, zamadamu wakiwemo, walilazimika kushuka huko kunywa. Swali hilo halikuweza kujibiwa ipasavyo kwa sababu hakuna aliyekuwa ameeleza kwa kina meno ya mamba huacha nini kwenye mfupa. Aliyeijaza nafasi hiyo ni mtaalamu wa Kitanzania, Jackson Njau, ambaye pamoja na Robert Blumenschine alichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa mifupa iliyoliwa na mamba wa siku hizi. Mamba hatafuni, hushika, huzungusha mwili ili kunyofoa, kisha humeza, na kwa hiyo mfupa anaouacha huwa na alama nyingi za meno lakini hauna ncha zilizogugunwa kama uachwavyo na fisi. Tena jino la mamba lina ukingo mkali uliopita ubavuni, hivyo kishimo kinachoachwa nalo mara nyingine huonekana kimegawanywa katikati na mstari, alama ambayo jino la simba au chui haliiachi.

Wakiwa na vigezo hivyo, Njau na Blumenschine waliendelea na mabaki mengine mawili yaliyopatikana mwaka 1960: OH 8, ambayo ni mifupa ya wayo wa kushoto kutoka FLK NN, na OH 35, ambayo ni muundi na mfupa mwembamba ulio sambamba nao, kutoka eneo la Zinjanthropus. Katika chapisho lao la mwaka 2012 walitambua humo alama za mamba na pia za mnyama mla nyama wa jamii ya mamalia. Miaka miwili kabla ya hapo Christopher Brochu, akishirikiana nao na Llewellyn Densmore, alikuwa ametangaza spishi ya mamba wa Olduvai iliyokwisha kutoweka na kuipa jina la Crocodylus anthropophagus, yaani mamba mla watu.

Hapa kuna mkanganyiko ambao hauna budi kutajwa, kwa kuwa uchunguzi wowote wa kifo huanza kwa kumtambua marehemu. Randall Susman alitetea wazo kwamba taya, mkono, wayo na mguu huo wote ni vya mtu mmoja, na kama ni hivyo alama za mamba kwenye wayo ni sehemu ya kesi ya kijana wa OH 7. Wengine waliopima kifundo cha mguu wanasema kwamba OH 8 na OH 35 haviungani vizuri, na mwaka 2010 Jeremy DeSilva na wenzake walitoa hoja kwamba wayo ule yaelekea ni wa mtu mzima, hivyo hauwezi kuwa wa kijana ambaye meno yake yalikuwa bado yanaota. Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na ni salama kuzihesabu kesi hizi kuwa mbali mbali.

Ushahidi wa mamba wenyewe ulipingwa mwaka huohuo wa 2012 na Enrique Baquedano, Manuel Domínguez-Rodrigo na Charles Musiba, ambao walifanya jaribio lao la mamba na mifupa, wakatia shaka uzito uliopewa mamba katika maeneo yote mawili. Ubishi wa namna hii ni afya ya sayansi, lakini ulionyesha udhaifu mmoja mkubwa: mtaalamu mmoja hutazama kishimo kwenye hadubini akaona mamba, na mwenzake akatazama kishimo kilekile akaona mnyama mwingine.

Ili kupunguza utegemezi wa jicho la mtu, Domínguez-Rodrigo na wenzake walitumia akili unde, yaani programu za kompyuta zinazofundishwa kwa mifano: programu ilionyeshwa picha nyingi za alama za meno zilizoachwa na wanyama wanaojulikana hadi ikajifunza kuzitenganisha, kisha ikaonyeshwa alama zilizomo katika taya la OH 7 na katika OH 65, taya la juu la Homo habilis mwingine lililopatikana Olduvai mwaka 1995. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalimtaja chui katika kesi zote mbili, kwa uwezekano unaozidi asilimia 90.

Matokeo haya ndiyo bora kuliko yote yaliyotangulia, na yastahili kusomwa kwa makini ileile iliyokosekana mwaka 1961. Asilimia 90 ni kiwango cha uhakika wa programu katika kuchagua miongoni mwa wanyama iliyofundishwa, nayo haikufundishwa wanyama waliotoweka, ilhali enzi hizo Afrika ilikuwa na paka wakubwa kama Dinofelis na Megantereon, ambao hakuna mfupa walioula mbele ya macho ya binadamu yeyote. Aidha, alama ya jino humtaja aliyekula na haimtaji aliyeua, ingawa kukosekana kwa uharibifu mkubwa wa aina ya fisi kunafanya iwe rahisi zaidi kuamini kwamba chui alifika mapema. Kauli inayobebwa na ushahidi ni kwamba mnyama mwenye meno kama ya chui aliula mwili wa kijana huyu. Kwamba alimuua inaelekea kuwa kweli, lakini haijathibitishwa.

Domínguez-Rodrigo na wenzake wamekwenda hatua moja zaidi, wakidokeza kwamba kiumbe aliyekuwa bado windo la chui si rahisi awe ndiye aliyewanyang'anya simba na wenzao nyama katika eneo la Zinjanthropus, ambako maelfu ya mifupa ya wanyama, mingi ikiwa na alama za kukatwa, ilipatikana pamoja na zana za mawe zaidi ya 2,000. Pengine, wanasema, kazi hiyo ilifanywa na zamadamu wa spishi nyingine, Homo erectus. Hoja hiyo haishawishi. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwala wajenzi wa reli waliolindwa na wenye bunduki, na katika Tanzania yenyewe, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2005 na Craig Packer pamoja na wenzake, wakiwemo Watanzania, watu wasiopungua 563 waliuawa na simba tangu mwaka 1990, wengi wao wakiwa wakulima wa mikoa ya kusini na pwani. Hakuna awezaye kusema kwa sababu hiyo kwamba watu hao hawakuwa mabwana wa mashamba yao. Kuliwa na mnyama mkali ni hatari ya mtu mmoja katika usiku mmoja, na haipimi uwezo wa jamii nzima, sembuse wa mtu ambaye hajakomaa, ambaye katika kila kundi la wanyama ndiye windo rahisi.

Nani aliyekata nyama katika eneo la Zinjanthropus ni swali linalopaswa kujibiwa kwa mifupa ya mikono, kwa zana na kwa alama za kukata, na sehemu ya ushahidi huo imo ndani ya mabaki ya kijana huyuhuyu. Mwaka 1962 John Napier aliichunguza mifupa ya mkono wake, akaona kwamba ncha za vidole zilikuwa pana na kwamba mkono huo uliweza kushika kitu kwa nguvu na kutengeneza zana za mawe za aina iliyopatikana katika matabaka ya Olduvai. Alama za meno zilizomo katika taya hazijaibatilisha kazi hiyo ya Napier.