Nadharia ya Mwingiliano: Mtoto Hupataje Lugha ya Kwanza?

Katika mada hii ni rahisi kuchanganya nadharia tatu. Soma kwanza mfano huu, kisha uzitofautishe.

Chukua nyumba moja ya Makorora, mjini Tanga. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ananyoosha mkono kwenye mtungi na kusema, "Aji." Bibi anamjibu, "Unataka maji, mjukuu wangu? Haya, njoo unywe maji." Tazama alichofanya bibi: ameelewa nia ya mtoto, amelitamka neno kwa usahihi, na ameliweka ndani ya sentensi. Baada ya muda mtoto atasema, "Taka maji", hatimaye, "Nataka maji."

B. F. Skinner (1957) angesema kuwa mtoto ameiga na kutuzwa. Noam Chomsky, aliyemkosoa Skinner mwaka 1959, angesema kuwa mtoto amezaliwa na uwezo wa lugha. Wanamwingiliano husema kuwa uwezo wa mtoto na mchango wa mazingira hukutana katika mazungumzo.

Hoja kuu

1. Lev Vygotsky (1896–1934), mwanasaikolojia wa Urusi, alieleza kuwa jambo ambalo mtoto hulifanya leo kwa kusaidiwa, kesho atalifanya peke yake.

2. Jerome Bruner wa Marekani aliona kuwa msaada huo ni kama jukwaa la fundi mwashi: ukuta ukisimama, jukwaa huondolewa. Alichunguza pia mchezo wa kujificha uso na kujitokeza, ule ambao mama huucheza na mwanawe kwa kanga. Humo mtoto hujifunza kupokezana zamu hata kabla hajajua maneno.

Ushahidi

Huko Marekani, watafiti walimchunguza mtoto mwenye usikivu mzuri ambaye wazazi wake walikuwa viziwi. Kiingereza alikisikia zaidi kwenye televisheni. Alipokaribia miaka minne, sentensi zake zilikuwa na kasoro nyingi. Alipoanza kuzungumza na mtu mzima mara kwa mara, lugha yake iliimarika haraka.

Udhaifu

Elinor Ochs, huko Samoa, na Bambi Schieffelin, huko Papua New Guinea, walikuta jamii ambazo watu wazima hawawarahisishii watoto wachanga lugha, na bado watoto hao huimudu. Kwa hiyo, usiseme kuwa ni lazima mama arahisishe maneno. Hata Makorora, mtoto hupata lugha pia kwa kaka, dada na wenzake wanaocheza naye uani.

Kosa la kuepuka

Usiandike kuwa "mtoto hupata lugha kwa kusikia tu." Hilo si dai la wanamwingiliano. Redio husema kutwa nzima, lakini mtoto akisema "Aji," haimjibu.

Swali la kujipima

Kwa kutumia mifano kutoka nyumbani kwenu, fafanua hoja mbili za nadharia ya mwingiliano na udhaifu wake mmoja.