Je, Wajua? Nchi 33, Swali Moja la Uchumba

Je, wajua kuwa makala moja ya mwaka 1989 bado hurejelewa wanasaikolojia wanapojadili ndoa? Mwandishi wake ni David Buss, Mmarekani anayechunguza jinsi mageuzi ya viumbe yalivyoijenga akili ya binadamu. Akisaidiwa na watafiti wa kila mahali, alikusanya majibu ya watu 10,047 katika nchi 33, zikiwamo Zambia na Nigeria: ungependa mwenzi wa namna gani?

Dodoso lilibidi lirekebishwe. Nchini Nigeria lilizingatia kuwa mume aweza kuwa na wake kadhaa. Nchini Sweden, kuwa wengi huishi pamoja bila kufunga ndoa. Kote wanaume walitaka mke aliye mdogo kwao. Wale wa Zambia, kwa wastani, walitaka awe mdogo kwao kwa miaka zaidi ya 7!

Makala hiyo imerejelewa maelfu ya mara, na kinachonivutia zaidi ni kwamba wanaoirejelea si wafuasi wa Buss peke yao. Mwaka 1999 wanasaikolojia Alice Eagly na Wendy Wood walichambua upya takwimu zilezile, wakaona kuwa penye usawa zaidi wa kijinsia, baadhi ya tofauti kati ya matakwa ya wanaume na ya wanawake hupungua.